Kamati ya Vitufe

Arthur Mangeni hajawahi kuchora hata yai. Nalisema mapema msije mkadhani ni kinyongo kinachoongea. Kinyongo ninacho, tena cha kutosha, lakini hilo la yai ni kweli tupu.

Tulikuwa wanne katika chumba kimoja juu ya duka la mbolea, hapa Busia upande wa Uganda, dirisha likitazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Arthur ndiye aliyekuwa na wazo na funguo za chumba. Ofwono, mwenyeji wa Mella, aliandika programu. Chrispinus alishughulikia sauti: kengele ya baiskeli, mbwa, mvua kwenye mabati. Mimi, Damalie, nilikuwa mtu wa michoro. Kabla ya hapo nilikuwa nachora maandishi nyuma ya malori.

Tulikuwa tunatengeneza mchezo wa simu. Unaendesha baiskeli ya mizigo kutoka shamba la Masinya mpaka soko la ng'ambo, kwa njia za vichochoroni, trei za mayai nyuma, matope mbele, mbwa pembeni. Mayai yakifika mazima umeshinda. Kazi yangu ilikuwa vile vitu vyote vinavyokaa juu ya picha ya barabara: vitufe vya kubonyeza, mstari wa kuonyesha pumzi, idadi ya mayai, ramani. Watu hudhani hayo ni mapambo. Mchezo mzuri wenye vitufe vibaya ni gari jipya lenye usukani kwenye buti, na nimewaambia watu hivyo mpaka nimechoka.

Mwezi wa kwanza alikuja Harriet. Ni mzaliwa wa Tororo, lakini kazi yake iko Nairobi, kwenye kampuni inayosambaza michezo ya simu. Alicheza dakika kumi, akarudisha simu mezani.

"Mchezo uko poa," akasema. "Lakini skrini haijakaa. Nitengenezeeni skrini inayoeleweka, tukutane Tororo mwezi wa nne nikiwa na wachezaji wa kuijaribu. Ikiweza, nauchukua mchezo. Na huyo atakayeichora nina nafasi yake kwetu. Nafasi ni moja."

Nafasi moja! Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na jina langu halijawahi kuandikwa juu ya kitu nilichochora. Kwenye lori huandikwa la mwenye lori. Kwenye kadi ya harusi, la maharusi. Kwenye fulana za msiba, la marehemu. Niliitaka nafasi ile mpaka ikaniuma kifuani.

Wiki iliyofuata Arthur alikwenda semina ya siku mbili Kampala, akarudi na pakiti tano za vikaratasi vya rangi vyenye gundi.

"Hatuchori ovyo tena," akatangaza, akivibandika ukutani. "Kuanzia leo tuko na mtiririko wa kazi. Kuna hatua nane. Hakuna kitu itaingia kwa skrini bila kupita hatua nane."

Hatua zenyewe hazikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba Arthur anajua njia moja tu ya kuongoza watu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kila kamati ya harusi na ya mazishi toka Masinya mpaka hapa mjini. Kabla wiki haijaisha, mtiririko wetu ulikuwa na mwenyekiti, ambaye ni yeye. Katibu, ambaye ni Chrispinus, na daftari lenye jalada gumu. Sala ya kufungua, sala ya kufunga, udhuru wa wasiofika, na mlezi. Kwetu hakuna kamati isiyo na mlezi. Akaitwa Mchungaji Moses, mtu mwema ambaye simu yake ni ile ya vitufe vya kweli.

Sasa nieleze jambo moja kwa wale wasiozijua kamati zetu. Mtu akitoa, hutajwa. Ukileta mbuzi utasomwa, ukileta kijiko cha chumvi utasomwa. Na hakuna anayekataliwa mchango wake, maana kumkataa ni kumwambia si mtu. Baba yangu alipofariki, watu hawa hawa walitoa, wakasomwa, na mzee akazikwa kwa heshima. Siidharau desturi hiyo hata kidogo. Naidharau tu inapoingizwa kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja.

Kikao cha kwanza Mchungaji Moses alinyoosha mkono.

"Mtoto wa Mungu hawezi panda baiskeli bila kuomba. Muweke batani ya Sala."

"Imepokelewa," akasema Arthur. Chrispinus akaandika.

Kisha Chrispinus mwenyewe akaweka kalamu chini. "Mimi naomba saa mbili pale juu. Moja ya Uganda, moja ya Kenya, kwa sababu mutu anavuka mpaka."

"Lakini saa ni ile ile," nikasema. "Hapa saa nne, kule saa nne."

"Hiyo najua, dada Damalie. Lakini Wakenya watasikia vibaya wakikosa yao."

"Imepokelewa," akasema Arthur.

Mwenye duka la mbolea alipanda siku moja kuuliza kuhusu maji yanayovuja, akashuka akiwa amepewa nembo ya gunia kwenye kona ya kushoto. Ofwono, ambaye hakuwa na wazo lolote, aliona haya kukaa bure akaomba ng'ombe wa mjomba wake awepo mahali. Zikaja bendera. Kikaja kitufe cha Salimia. Ikaja picha ya Mwenyekiti amevaa suti, mikono imefumbatwa, kama ile ya ukurasa wa kwanza wa ratiba ya mazishi, tofauti ikiwa kwamba yeye alikuwa bado anapumua na anaendelea kupokea mapendekezo.

Nilijaribu kusema. "Mwenyekiti, acha kwanza nichore, tuone kama vitaenea."

"Damalie, wewe ni mchoraji," akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma zaidi. "Kuchora ni hatua ya sita. Sisi tuko hatua ya pili."

Tulipofika hatua ya sita, vitu vilikuwa ishirini na sita. Nilivichora vyote, kimoja kimoja, kwa mkono wangu. Barabara ilibakiwa na upenyo wa ukubwa wa kiberiti, na ndani ya upenyo ule, ukikodoa, ungeona gurudumu.

Tukaupeleka mchezo Busitema, kwa wanafunzi wa chuo, ili wajaribu. Msichana mmoja aliitazama skrini muda mrefu, akaigeuza simu huku na huku.

"Mimi nilidhani ni kalenda ya kanisa," akasema.

Mwenzake alibonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote, ambacho ni Sala. Mwendesha baiskeli akapiga magoti katikati ya barabara. Akabonyeza tena, akapiga magoti tena. Mara kumi na moja, mpaka lori likamkuta huko huko kwenye maombi, na mayai yote yakaisha.

Nilidhani hapo ndipo akili itarudi. Kikao kilichofuata Arthur alisimama na karatasi ya matokeo.

"Wanafunzi wamebonyeza batani ya Sala kuliko zote," akasema. "Maana yake wanaipenda. Iongezwe ukubwa."

Mchungaji Moses akafuta jicho kwa leso. Imepokelewa.

Zilikuwa zimebaki siku tisa za kwenda Tororo. Nilihesabu kwenye vidole nikiwa nimekaa pale pale kikaoni, na nilijua kwamba skrini ile ikifika mbele ya Harriet, nafasi yangu imekwenda. Nikaamua kuchora yangu.

Jumapili kamati nzima ilikuwa harusini Masinya. Ofwono alikuwa ameniachia simu yenye mchezo mtupu, bila kitufe hata kimoja. Nikaomba udhuru wa kichwa kuuma, nikashuka chini kwa Agwang, mama anayekaanga chapati mbele ya duka la mbolea.

Mimi mtiririko wangu nilijifunza kwenye malori. Maandishi ya lori husomwa na mtu anayekimbia nyuma, ndani ya vumbi, jua likimpiga usoni. Kwa hiyo unaanza na umbo, nyeusi juu ya nyeupe. Umbo likikataa kusomeka, hakuna rangi itakayoliokoa. Rangi huja mwisho. Na humuulizi mtu anataka nini, unamtazama anafanya nini. Mtu hudanganya kwa heshima. Kidole hakijui heshima.

Nikawapa simu walaji wa chapati, mafuta yakiwa bado mikononi.

"Bonyeza pale ungependa baiskeli iende," nikawaambia. "Sasa bonyeza pale ungependa isimame."

"Na hii simu ikiharibika?" akauliza dereva mmoja.

"Ni ya kamati," nikamjibu, akabonyeza kwa raha.

Kila simu iliporudi niliinamisha kioo kwenye jua, na mafuta yakanionyesha. Dole gumba la kulia lilikaa chini kuliko nilivyodhani, la kushoto juu yake kidogo. Pembe za juu hakuna aliyezigusa, si mmoja kati ya watu ishirini. Niliyaiga madoa yale kwenye vipande vya karatasi nilivyokata toka daftari la hesabu, saizi ya simu, nikasogeza vitufe vya karatasi mpaka vikakaa. Kulia pedali. Kushoto breki. Juu kabisa mstari mwembamba wa pumzi unaogeuka mwekundu ukikaribia kuisha. Idadi ya mayai niliifuta, nikachora trei yenyewe kwenye keria ili mchezaji ayaone mayai yakipasuka kwa macho yake. Ramani niliiua. Saa zote mbili niliziua. Mwenyekiti naye nikamtoa, na sitadanganya, nilisikia raha.

Jioni nikapanda ofisini kuvichora vizuri kwenye kompyuta. Jumatatu Ofwono aliviingiza ndani ya saa moja, huku akicheka peke yake.

"Sasa simu hata haichemki," akasema. "Ile ya kamati ilikuwa naweza kaangia yai. Mimi naweka hii kwa simu zote za Tororo. Ya Mwenyekiti peke yake ndiyo naacha na ile yao, asipige kelele."

Tororo tulikutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya hoteli, ule Mwamba mkubwa wa mji ukichungulia dirishani. Harriet alikuwa amekusanya vijana kumi na wawili. Akawagawia simu, akaangalia saa yake. Kwa dakika moja hapakuwa na sauti ila kengele za baiskeli za Chrispinus. Kisha mtu akacheka. Mwingine akapiga yowe, "Breki! Breki!" akijiambia mwenyewe. Kabla dakika ya tano haijaisha, msichana mmoja alivusha trei nzima bila yai kupasuka, akashangilia mpaka mhudumu akaja mbio kuuliza kuna nini.

Arthur aliitazama simu yake, akachungulia ya jirani, akarudi kwenye yake. Nilingoja alipuke. Hakulipuka. Alifunga kifungo cha koti, akaegemea kiti na kuwaza, na hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Ikaja chai. Chrispinus hakunywa, alikuwa ameinama kwenye daftari lake akiandika kwa bidii. Nilidhani anaandika udhuru wa Mchungaji, ambaye hakufika.

Baada ya chai Harriet akasimama. "Hii skrini imeweza kabisa. Nauchukua mchezo. Sasa niambieni, nani ameichora?"

"Kamati," akasema Arthur.

"Mimi," nikasema.

Tulisema pamoja. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa ofisini.

"Ni mimi," nikarudia. "Peke yangu, Jumapili, ninyi mkiwa harusini. Muulizeni Ofwono."

Nilimgeukia Ofwono, naye akageukia viatu vyake. Mwezi wa tano alikuwa anakwenda kutambulishwa ukweni. Nani mwenyekiti wa kamati ya sherehe ile? Mnamjua.

"Mimi naweka tu kitu ile wananipa," akasema Ofwono.

Nilimchukia. Mpaka leo namsalimia, lakini siku ile nilimchukia kwa moyo wote.

"Madamu Harriet, tuna kumbukumbu," akasema Arthur. "Katibu, tafadhali."

Chrispinus akasimama, akasoma. "Kumbukumbu ya kumi na nne. Kamati, baada ya majadiliano marefu, iliazimia vitufe vipunguzwe ili mchezo upate kupumua. Imependekezwa na Mwenyekiti. Imeungwa mkono na Bi Damalie."

Nimeunga mkono! Kazi yangu mwenyewe, nimeiunga mkono! Niliinuka nikaweka kidole juu ya ukurasa, nikakivuta. Maneno yakafuata kidole, bluu tupu.

"Wino haujakauka!" nikapaza sauti. "Ameandika sasa hivi wakati wa chai!"

Chrispinus akalifunga daftari taratibu. "Ni unyevunyevu ya hapa Tororo," akasema.

Harriet alikiona kidole changu. Alinishika mkono akanitoa nje, mpaka kwenye maegesho.

"Dada, mimi nakuamini," akasema. "Nimeona huo wino."

"Basi nipe karatasi nichore mbele yako. Nichore yote, sasa hivi."

"Najua utachora. Lakini wakili wetu hajali kama unajua kuchora. Mwaka jana tulishtakiwa juu ya picha moja ndogo tu, kwa sababu hatukuwa na rekodi ya nani aliichora na lini, na tukashindwa. Siku hizi hakuna mchoro unaingia bila karatasi za tangu mwanzo. Si uko na ile michoro ya kwanza?"

Vipande vyangu vya karatasi niliviacha mezani kwa Agwang, na Agwang si mtu wa kupoteza karatasi. Alifungia wateja chapati. Faili lenyewe, ukiliuliza mwenye kulitengeneza, linataja jina la kompyuta, na kompyuta imeandikishwa kwa jina la Arthur Mangeni. Nilimwambia Harriet hivyo, bila kuficha. Akatazama mlango wa ukumbi.

"Wao wako na daftari," akasema. "Pole sana, Damalie."

Nilikwenda chooni nikalia. Nililia kwa sauti, nikijua wanasikia, na sikujali.

Nafasi akapewa Arthur. Si mwizi, ndilo linalonichanganya. Alinikumbatia pale pale ukumbini huku macho yakimtoka machozi, akaniambia tumeshinda, na kwamba atakwenda Nairobi kwa niaba yetu sote. Aliamini kila neno alilosema.

Kikao cha mwisho kilifanyika wiki moja kabla hajasafiri. Kulikuwa na jambo moja tu: ukurasa wa shukrani, ule unaotokea mchezo ukimalizika, wenye majina ya waliouumba. Kanuni ilikuwa ile ile. Katibu apitie daftari toka mwanzo, na kila aliyewahi kutoa pendekezo jina lake liandikwe. Mimi nikapewa orodha ili niipambe.

Niliisoma orodha mara mbili. Kwa Sala alikuwepo Mchungaji Moses. Kwa saa mbili alikuwepo Chrispinus. Ng'ombe wa mjomba alimwingiza Ofwono, na maji yanayovuja yalimwingiza mwenye duka la mbolea. Hata Agwang alikuwepo, maana siku moja aliyoleta chapati alisema rangi ya kijani ni nzuri, ikapokelewa. Mimi sikuwa nimetoa pendekezo lolote kwenye daftari lile. Nilikuwa hatua ya sita, na mara moja nikaunga mkono.

Ningeweza kujiongeza. Lakini kwenye kamati mtu hajitaji, hutajwa, na mara moja niliyojitaja yalinikuta ya Tororo. Niliichora orodha kama ilivyokuja. Nilitumia maandishi yangu bora kuliko yote, yale ya lori, mapana, yenye kivuli, yanayosomeka ndani ya vumbi. Chini kabisa niliacha nafasi ya mstari mmoja, tupu, kubwa ya kutosha kuonekana hata na Mchungaji bila miwani. Nikaipeleka kikaoni nikakaa.

Simu ikazungushwa. Kila mmoja alilitafuta jina lake, akalipata, akatabasamu, akampa mwenzake. Ofwono alilitazama lake muda mrefu kuliko wengine, kisha naye akaipitisha.

"Kuna aliye na la kuongeza?" akauliza Arthur.

Nilingoja. Watu hawa walikuwa wameongeza bendera, ng'ombe, saa ya nchi jirani. Mchungaji Moses alijikohoza, nikainua kichwa, lakini alikuwa anatafuta leso. Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi imepita kwa kauli moja," akasema Arthur, na Chrispinus akaandika. Miezi minne ya vikao, na huo ndio mchoro wangu wa kwanza kupita bila mtu kuongeza kitu.